Seva iliyokuwa inakufa ikipumzika

Mwezi uliopita kuna kijana fundi mwenzangu alinipigia usiku, sauti imekauka kabisa, ananiambia bro nina mashine ya mteja inaganda kila usiku nimebadilisha kila kitu na bado inaganda, na mteja ameanza kuniita tapeli. Nikamwambia tulia kwanza nijibu swali moja, inaganda ikiwa na kazi au ikiwa haina kazi? Akanyamaza kama sekunde tano hivi. Alafu akasema, kaka, we umejuaje?

Nimejua kwa sababu lilinikuta, na lilinichukua miezi mitano ya maisha yangu. Naandika hapa yote kama yalivyokuwa.

Agosti 2018 nilifunga seva kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Duka kubwa, kaunta tatu, stoo mbili, na kila kaunta inasoma kutoka kwenye ile mashine moja iliyoko chumba cha nyuma. Seva ikilala hakuna risiti, hakuna bei, na hakuna anayejua mifuko ya saruji imebaki mingapi stoo. Mwenye duka ni mzee mmoja makini sana, hesabu zake zote alikuwa anaziweka kwenye madaftari toka miaka ya nyuma, kuingia kwenye kompyuta alishawishiwa na mwanae. Aliniambia siku ya kwanza, "Kijana wangu, mi sitaki mashine ya leo na kesho. Nataka nikiinunua niisahau."

Kwa hiyo nikamchagulia kitu kipya. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya kore nane (vichwa vinane vya kufanyia kazi) na nyuzi kumi na sita, maana kila kore inabeba kazi mbili kwa mpigo, kizazi kilichoingia sokoni 2017, kipindi hicho ilikuwa ndo habari ya mjini, kore nyingi kwa hela ambayo huko nyuma ulikuwa unapata nne. Vifaa nikaagiza Kariakoo vikaja na basi. Nikaweka Linux, mfumo endeshi wa bure, maana mfumo wa mauzo ulikuwa unataka hivo na pia mzee hakutaka kulipia leseni kila mwaka. Majina ya kampuni zilizotengeneza vile vifaa siyataji, sina sababu ya kugombana na mtu, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa kampuni moja tu kama mtakavyoona.

Wiki ya kwanza safi. Wiki ya pili, Jumatano asubuhi, dada wa kaunta ananipigia saa moja na nusu, "Fundi, kompyuta ya nyuma ina taa lakini haitaki kuongea." Nikaenda. Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi, ukigusa kibodi hakuna kitu, hata taa ya herufi kubwa haibadiliki. Ukiipingi, yaani kuiita kwa mtandao, kutoka kaunta haijibu. Nikashika kitufe cha kuzimia mpaka ikazima, nikawasha, ikaamka kama hakuna kilichotokea. Nikasema umeme huo.

Na hapa ndo pa kwanza nilipojifungia mlango mwenyewe, maana kwetu huku ukisema umeme kila mtu anakubali, hamna anayekubishia, umeme unakatika unarudi na nguvu, kila mtu ameshaunguliwa na kitu nyumbani kwake. Kwa hiyo nikanunua UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, kubwa zaidi kwa hela yangu nikafunga, mzee akafurahi. Siku nne baadaye, asubuhi, skrini nyeusi.

Nikaenda kwenye logi, zile kumbukumbu ambazo mashine inajiandikia yenyewe. Wanaojua wanajua, unaiuliza mashine ikuonyeshe yaliyoandikwa mara ya mwisho ilipokuwa hai kabla ya kuwashwa tena. Mimi nilitegemea nikute kilio, diski inalalamika, memori inalalamika, kerneli, yaani kiini cha Linux, imeanguka na imeandika sababu. Hamna. Mistari ya kawaida kabisa, kazi ndogondogo za kila saa, alafu kimya. Yaani ni kama mtu alikuwa anaongea akakatwa kauli katikati ya sentensi. Logi tupu ni mbaya kuliko logi yenye makosa mia, maana ina maana mashine ilikufa ghafla kiasi kwamba haikupata hata nafasi ya kuandika.

Nikaanza kubadilisha vitu. Memori nikaipima masaa kumi na mbili kwa programu ya kupimia, haina kosa hata moja, nikaibadilisha hivo hivo. Diski nikabadilisha. Kebo nikabadilisha. Pawa saplai nikabadilisha, ikakaa siku tisa bila kuganda nikasema nimeipata, siku ya kumi ikaganda. Hesabu ya hela niliyotoa mfukoni mpaka hapo ilikuwa inakaribia faida yote ya ile kazi, na bado kila asubuhi nalala na simu mkononi nasubiri dada apige. Mzee alikuwa mstaarabu, hakunitukana hata siku moja, ila siku moja nikiwa nimeinama nyuma ya ile mashine akaja akasimama mlangoni akaniuliza taratibu, "Fundi, hii ni mpya kweli?" Lile swali lilinichoma kuliko matusi.

Baada ya hapo ndo nikaacha kununua vitu nikaanza kuandika. Nikampa dada wa kaunta daftari la kawaida la mistari, nikamwambia dada yangu naomba kila asubuhi ukifungua duka andika tarehe, na uandike umeikuta nzima au imekufa, basi. Na mimi upande wangu nikaweka kijiprogramu kinachoandika saa kwenye faili kila dakika, ili ikifa nijue ilikufa saa ngapi. Ni kitu cha mistari mitatu, nilipaswa kukiweka siku ya kwanza.

Baada ya wiki tatu nikakaa na lile daftari na zile saa. Saa nane usiku. Saa tisa kasorobo usiku. Saa sita na dakika kumi usiku. Jumapili saa nane mchana, na Jumapili duka limefungwa. Saa kumi alfajiri. Hakuna hata mara moja, narudia hakuna hata mara moja, iliyokufa kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni siku ya kazi, wakati kaunta tatu zinaipiga kwa fujo. Mi nilivyozoea mashine mbovu inakufa ukiibebesha mzigo, ikichemka, ikitaka memori nyingi. Hii ilikuwa inakufa ikiachwa peke yake.

Alafu ikaja Desemba, kufunga hesabu za mwaka. Wahasibu walikuwa wanapiga ripoti mpaka usiku sana, na mi niliweka kazi ya kubana nakala za miaka yote ya nyuma, kazi inayokula kore zote nane toka jioni mpaka asubuhi. Siku kumi na sita mfululizo daftari la dada limeandikwa nzima, nzima, nzima. Kazi ikaisha, mwaka mpya duka likafungwa, tarehe mbili Januari tunafungua, imekufa.

Nikafanya jaribio la makusudi. Usiku nne nikaiacha na kazi ya bure, inahesabu tu namba zisizo na maana ili isipumzike. Nzima zote nne. Nikaiondoa ile kazi. Usiku wa pili ikafa. Nikairudisha, nzima. Hapo nikajua nimeikamata mkia, na nilipokaa kutafuta sasa nikawa natafuta kwa maneno sahihi, sio kompyuta inaganda, bali inaganda ikiwa haina kazi. Yakafunguka kama mlango. Watu wa Ulaya, Marekani, Asia, wote na prosesa za kizazi kile kile na Linux, wote wanasema usiku, wote wanasema logi tupu, toka 2017. Nilisoma mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa nieleze kinachotokea, maana ukikielewa huwezi kukisahau. Prosesa ya kisasa haikai macho muda wote. Kerneli ikiona kore haina kazi ya kufanya inaiambia lala, na kulala kuna ngazi. Ngazi ya juu ni kama kufumba macho tu umekaa kwenye kiti, ukiitwa unaitika saa hiyo hiyo. Ngazi za chini kore inahifadhi kila ilichokuwa nacho mkononi, alafu umeme wake unakatwa karibu wote. Kuamka kutoka huko kunachukua muda zaidi, ila unaokoa umeme na joto. Kila kizazi kipya kinajifunza kulala usingizi mzito zaidi kuliko kilichopita, na hilo ndo linafanya laptopu za siku hizi zikae na chaji. Tatizo linaanza kore zote zikilala usingizi mzito kwa wakati mmoja. Hapo mashine nzima inavuta umeme kidogo sana, na kila kitu kinachoizunguka, pawa saplai, madabodi inayobeba vifaa vyote, programu ya ndani ya madabodi yaani bayosi, na kerneli yenyewe, vyote vinatakiwa viwe vimekubaliana jinsi ya kuishi kwenye huo umeme kiduchu na jinsi ya kuamka. Mmoja tu asipokubali, kore inaitwa haiitiki, na kore isipoitika hakuna wa kuandika logi.

Na hii haikuanza kwenye kizazi hicho. 2013 Intel, watengeneza prosesa, walipotoa kizazi chao cha Haswell, ngazi zake mpya za usingizi zilishusha umeme mpaka ampea 0.05 kwenye njia ya volti 12, wakati pawa saplai nyingi za zamani zilitengenezwa zikitegemea angalau ampea 0.5, mara kumi ya hiyo. Watengenezaji wa pawa saplai wakaanza kutoa orodha za zipi zinafaa na zipi hazifai, na bodi nyingi zikaja na chaguo la kuzima huo usingizi. Alafu zikaja zile prosesa ndogo za Intel zinazoitwa Bay Trail, zilizojaa kwenye vilaptopu na vikompyuta vya bei rahisi, kwenye Linux zilikuwa zinaganda kwa ugonjwa wa jamii hiyo hiyo wa usingizi, ripoti yake kwenye kerneli ni namba 109051 ya mwaka 2015, na watu wakawa wanaishi kwa kuzikataza zisilale. Nikikumbuka vilaptopu nilivyovihukumu kuwa ni vibovu nikawaambia wenyewe wavitupe, nasikia vibaya mpaka leo. Kuna mwanafunzi mmoja hasa.

Basi nikarudi dukani na dawa niliyoisoma, unaongeza neno kwenye mistari ya kuwashia ya kerneli, ile faili ya grub, programu inayoiwasha Linux, unaiambia usingizi usizidi ngazi ya tano. Nikaweka, nikaondoka kifua mbele. Baada ya siku mbili dada akaandika imekufa.

Hiki kipande kilinisumbua sana nikieleze vizuri. Majina ya ngazi za usingizi ambazo kerneli inaziona sio yale yale yaliyoko ndani ya prosesa. Bayosi ndo inayoipa kerneli menyu, na kwenye bodi ile, menyu ilikuwa na ngazi chache tu, kile ambacho kerneli inakiita ngazi ya pili ndicho ndani ya prosesa kilikuwa ule usingizi mzito wa sita. Kwa hiyo mimi naikataza isizidi tano, na yenyewe haijawahi hata kufika tatu, inakwenda zake ngazi ya pili inakufa huko. Kwenye Linux kuna folda ya cpuidle chini ya sys ambayo inakuonyesha ngazi zote na majina yake na mara ngapi kila moja imeingiwa, nilivyoangalia pale ndo nikaelewa. Nikabadilisha tano ikawa moja. Usizidi kufumba macho.

Ikapona. Wiki moja, mbili, tatu. Ila kwa gharama, mashine inakuwa ya moto moto hata usiku, feni inasikika, na umeme ukikatika UPS inadumu muda mfupi kuliko zamani. Mi nikasema hapana, mzee wa watu amelipia prosesa nzima na uwezo wake wa kulala, lazima waliotengeneza bodi waseme kitu.

Nikaanza safari ya sapoti. Muuzaji Kariakoo akasema waranti ipo, lete mashine Dar tuiangalie. Mashine ya duka linalouza kila siku niipeleke Dar, iwekwe mezani ipewe kazi ya kupimwa, na ikiwa na kazi haifi! Nilimweleza hivo akasema basi hatuwezi kukusaidia. Kampuni ya bodi nikawaandikia barua pepe, nikaambatanisha picha za daftari na zile saa zote. Siku kumi na tisa kimya. Jibu likaja mistari miwili, kwamba Linux sio mfumo wanaousapoti, niweke mfumo mwingine nione kama tatizo linaendelea. Nikajibu kwa heshima, nikaeleza kwamba kampuni zingine za bodi, kwa prosesa hiyo hiyo, zilishatoa toleo la bayosi lenye chaguo la kuweka umeme wa kawaida wakati wa mapumziko badala ya ule wa chini kabisa, naomba na nyie mtoe. Wakanijibu baada ya wiki mbili kwamba ombi limepelekwa idara husika.

Na upande wa pili, ukisoma ripoti za watu wa kerneli, baadhi wanasema sisi hatuwezi kurekebisha kitu ambacho kinakufia ndani ya chuma. Wa bodi anasema tatizo ni mfumo, wa mfumo anasema tatizo ni chuma, na katikati yupo mzee wa Mwanza na mifuko yake ya saruji. Nawaelewa wa kerneli zaidi, wengi wanajitolea, na walau wao waliandika njia ya kuishi na ugonjwa ikawa wazi kwa kila mtu. Mwenye hela yetu ndo aliyekuwa kimya.

Najua kampuni kubwa huwa zinabadilika zikibanwa hadharani. 1994 profesa wa hesabu Marekani, Thomas Nicely, aligundua Pentium, prosesa ya Intel, inakosea kugawanya baadhi ya namba, na Intel mwanzoni walisema watambadilishia yule tu anayethibitisha anaihitaji kwa hesabu nzito. Kelele zikawa nyingi, Desemba 20 mwaka huo huo wakasema anayetaka abadilishiwe, na likawagharimu dola milioni 475. Ila yule alikuwa na gazeti na televisheni nyuma yake. Mimi nilikuwa na daftari la dada. Nilichofanya nikawatafuta wenye bodi kama yangu popote walipo, tukapatikana kumi na moja, tukakubaliana kila mtu aandike ripoti yake kwa kampuni wiki moja hiyo hiyo, na kila mtu aweke saa zake za kufa, sio malalamiko, saa.

Siwezi kusema ni sisi, labda walikuwa nayo njiani tayari. Aprili 2019 toleo jipya la bayosi likatokea na lile chaguo limo.

Kubadilisha bayosi huku kwetu ni kazi ya kumwomba Mungu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, bodi imekwisha, hakuna kuristati. Nikachagua Jumapili saa kumi na moja alfajiri, UPS imejaa, nikaomba na jenereta ya duka iwashwe kabisa ili mashine isitegemee umeme wa nguzo hata kidogo. Mzee alikuja mwenyewe na kanzu yake akitokea msikitini, akavuta kiti akakaa. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika, akaniuliza inachukua muda gani nikasema dakika tano. Zile dakika hatukuongea. Asilimia sitini ikasimama kidogo mkono wangu ukawa wa baridi, alafu ikaendelea. Ikawaka. Nikaingia bayosi, nikabadilisha lile chaguo, nikaondoa kile kizuizi nilichoweka kwenye grub, nikaiacha ilale jinsi inavyotaka.

Kesho yake daftari likaandikwa nzima. Keshokutwa nzima. Nikamwambia dada tuendelee mpaka miezi miwili ipite bila kufa, maana pawa saplai ilishanidanganya kwa siku tisa. Miezi miwili ikapita, nikamwambia dada yangu asante sana sasa unaweza kuacha, nikasahau kabisa.

Mwaka jana mzee kafungua tawi lingine kaniita nikafunge mashine nyingine. Safari hii kabla ya kununua nilianza kwenye ukurasa wa kampuni ya bodi, nikaangalia bayosi ya mwisho wametoa lini na huwa wanatoa mara ngapi kwa mwaka, na bodi moja nzuri sana ya bei nzuri niliiacha kwa sababu tu ya mwisho kutolewa ilikuwa ni miaka miwili nyuma. Prosesa nayo nilichukua ya kizazi kilichokwisha kutimiza mwaka na nusu sokoni. Yule kijana aliyenipigia nilimwambia hivo hivo, na nikamtumia mistari yangu mitatu ya kuandika saa, akaweka, mashine yake ikafa saa tisa usiku mara tatu mfululizo.

Nikiwa pale dukani nasubiri mzee amalize na wateja nikaona kwenye droo ya kaunta lile daftari. Nikalifungua. Dada hakuacha. Lilijaa, akaanza la pili, kila asubuhi ya kazi, tarehe na neno moja, nzima.